Dhahabu Iliyoelea Ngara

Vijana wa mtaani kwetu Jamhuri, hapa Nairobi, wananiita mzee, na mimi hamsini bado sijafika. Sina neno. Ukiacha kazi uliyoifanya miaka ishirini na minne, ukaanza kuonekana saa nne asubuhi ukitembea tu na kofia kichwani, watu watakupa uzee hata kama hukuuomba. Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Fundi wa dhahabu akianza kuona pete moja kama mbili, heri ainuke mwenyewe kabla hajaunguza kidole cha mtu.

Tangu hapo miguu yangu haitulii. Naweza kutoka Jamhuri nikatembea hadi Ngara kutazama tu mlango wa karakana yetu ya zamani, ambako siku hizi kuna mtu anauza vifuniko vya simu. Siku nyingine nashika njia ya Uthiru, na hiyo ina sababu yake. Nitaifikia.

Shida ni kwamba siwezi kupita kwa kinyozi bila mmoja wenu, vijana, kunisimamisha. Juzi ilikuwa hivi:

"Niaje mzee. Hii cheni ni dhahabu ama nimechezwa?"

"Umenunua wapi?"

"Tao, mjini kati. Nimeilaza kwa siki, asubuhi iko vile vile. Kwa simu wanasema ukiona hivyo ni ya ukweli."

"Na majini?"

"Imezama kabisa."

"Hata msumari unazama."

Wenzake walicheka hadi kinyozi akazima mashine. Yeye akaficha cheni ndani ya shati. Basi nimeona niwaandikie yote kwa pamoja, mniachie nipite.

Jambo la kwanza ni kwamba dhahabu na maji hawana habari. Ni kama majirani wa ghorofa moja ambao hawajawahi kusalimiana. Itie dhahabu tupu katika maji ya mfereji, ya mvua, ya chumvi, ya limau, katika soda, katika chai, iache humo mwaka mzima, utaitoa kama ulivyoitia. Haishiki kutu wala haiyeyuki. Lakini hakuna anayevaa dhahabu tupu, kwa sababu ni laini mno, ungeikunja kwa meno. Hiyo tupu tunaiita karati ishirini na nne. Ya karati kumi na nane, robo yake ni shaba na fedha. Ya karati tisa, zaidi ya nusu si dhahabu. Kwa hiyo mtu akiniambia dhahabu yake imekuwa nyeusi kwa jasho, namwambia asiisingizie. Aliyekuwa mweusi ni shaba. Dhahabu imekaa tu hapo katikati, inalaumiwa kwa makosa ya wenzake.

Bwana mmoja alikuja na pete ya mchumba wake ikiwa imejaa mikwaruzo kama ubao wa kukatia sukuma wiki. Alikuwa akiisugua kwa dawa ya meno kila Jumapili ili ing'ae wakienda kanisani. Dawa ya meno ina mchanga mwembamba sana ndani yake. Kwenye jino ni sawa, jino ni gumu. Kwenye dhahabu ni msasa. Mama mwingine aliweka hereni zake za lulu kwenye maji ya ndimu pamoja na cheni. Cheni ilitoka safi ajabu. Lulu zilitoka kama mawe yaliyotafunwa na panya.

Adui wa kweli anaitwa klorini. Ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe na ile ya bwawa la kuogelea ni mtu na ndugu yake. Kulikuwa na bibi mmoja kutoka upande wa Westlands aliyeogelea kila asubuhi na pete yake ya karati tisa. Vile vijino vinavyoshika jiwe vikakatika siku moja, jiwe likaenda na maji, naye akaja kutupigia kelele kwamba kazi yetu ni mbovu. Mzee Jivan, mwenye karakana, hakubishana. Aliinua pete akainusa.

"Mama," akasema, "hii pete naogelea zaidi ya wewe."

Na zebaki msiiguse kamwe. Yale maji ya fedha yaliyokuwa ndani ya vipimajoto vya zamani yakigusa dhahabu huishika palepale, na pete inakuwa nyeupe kama bati. Muuguzi mmoja alivunja kipimajoto chake, akaokota zile chembe kwa kidole, jioni mumewe akamuuliza pete ya ndoa ameipeleka wapi. Ilikuwa hapo hapo kidoleni, imebadilika sura. Na msijaribu kuichoma nyumbani ili kuirudisha, mvuke wake ni sumu.

Sasa nimemtaja Mzee Jivan. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mhindi mfupi, mnene wa tumbo tu, aliyezaliwa pale pale Ngara. Kiswahili chake alikijenga mwenyewe, vipande vipande, kama mtu anayejenga nyumba kwa mabati aliyookota, na nyumba hiyo haikuvuja hata siku moja. Karakana ilikuwa mbele, nyuma kulikuwa na kiwanja kidogo cha saruji, na vyumba vya familia. Mamaye, ambaye sote tulimwita Ba, aliishi humo. Nitawaambia habari zake.

Sheria ya kwanza ya Mzee Jivan ilihusu maji. Mwisho wa meza ya kazi kulikuwa na beseni. Ukimaliza kupiga tupa unanawa humo, unaosha brashi humo, unaosha hata tupa yenyewe, na maji hayo hayamwagwi. Mtu mgeni akiingia aliona beseni la maji meusi ambayo ungesema hayajabadilishwa tangu jengo lijengwe, akatuona sisi ni wachafu. Kumbe ndani yake kuna vumbi la dhahabu. Mwisho wa mwezi maji yametulia, tope limekaa chini, unalikausha, unalichoma, unapata kijipande. Mkeka wa sakafuni ulipochakaa tuliuchoma, na majivu yake tukayafua. Hata zile nguo za kazi hazikwenda nyumbani kufuliwa.

"Barasa," aliniambia siku ya kwanza, "hapa kitu moja tu hapana mwaga. Wewe namwaga chai, sawa. Wewe namwaga machozi, sawa. Maji hapana."

Nilidumu miaka mitatu bila kumwaga. Mtu wa miaka mitatu kazini ni wa hatari sana, vijana wangu. Anajua mengi, na hajui yapi yamebaki.

Siku moja waliingia wanawake wawili. Kulikuwa na viti vitatu vya wateja. Mmoja alikaa huku, mwingine akakaa kule, katikati wakaacha kiti kitupu. Mkubwa alikuwa Mama Shiro, mshonaji wa sare za shule kule Uthiru. Mdogo alikuwa Mama Kevo, wa hapa Jamhuri. Walikuwa dada, tumbo moja. Mama yao alikuwa amefariki, akaacha pete moja nene ya karati ishirini na mbili, aliyojinunulia mwenyewe enzi za ng'ombe wake wa maziwa na kuivaa hadi mwisho. Tangu mazishi hawakuwa wakizungumza, kwa sababu kila mmoja alisema aliahidiwa yeye.

"Tunataka pete mbili kutoka kwa hii moja," Mama Shiro alimwambia Mzee Jivan.

"Sawa sawa," Mama Kevo akasema, akiiangalia mizani badala ya dada yake. "Isiwe moja imeizidi nyingine hata kidogo."

Mzee Jivan akawaeleza kwamba fundi akipiga tupa kunatoka vumbi, na karakana yoyote duniani huhesabu kwamba kidogo kitapotea.

"Hilo vumbi ni la nani?" Mama Kevo akauliza.

"La nyinyi."

"Basi tunataka na vumbi."

"Na ligawanywe pia," Mama Shiro akaongeza.

Baadaye Mzee Jivan aliniambia hapo ndipo alipopata matumaini, maana ndilo jambo la kwanza walilokubaliana. Pete ikapimwa. Wote wawili wakainama juu ya mizani na kusoma kwa sauti, gramu sita na pointi nne. Mzee Jivan akaweka mkono kifuani, akawaahidi kwamba dhahabu ya mama yao haitachanganywa na ya mtu mwingine. Wangekuja Jumatatu karakana inapofunguliwa, wote wawili, ili mmoja asije mapema akachagua.

Kazi akanipa mimi. Akanipa na ngozi mpya ya kukinga vumbi chini ya meza, brashi mpya, na beseni la bluu lililonunuliwa siku hiyo hiyo kwa ajili ya akina dada hao peke yao.

Ilikuwa Julai. Mnajua Julai ya Nairobi, mikono inapasuka kama udongo. Nilikuwa najipaka mafuta ya mgando kila baada ya muda. Jumamosi mchana nilikula bhajia za kona, nikajifuta kwa gazeti, nikarudi kazini. Saa tisa pete mbili zilikuwa tayari, zinafanana kama macho mawili. Nikanawa katika beseni la bluu, nikaosha brashi na tupa, nikaacha maji yatulie wakati nakunywa chai.

Niliporudi nilichungulia. Chini kulikuwa na mchanga wa manjano, umekaa vizuri. Juu ya maji kulikuwa na utando uliofifia, wa kahawia, kama ule wa chai iliyopoa. Nikajiambia dhahabu inazama na uchafu unaelea, nani asiyejua hilo? Nikaliinamisha beseni pole pole, maji ya juu yakatoka pamoja na utando wake, mchanga ukabaki.

Sikumwaga mferejini. Wiki hiyo Ngara hatukuwa na maji, tulikuwa tunanunua kwa mikokoteni, na pale kiwanjani kulikuwa na mmea kwenye chungu, umenyauka kidogo. Nikaumwagilia. Niliona hata nimefanya wema.

Nikakausha mchanga wangu, nikaupima pamoja na pete. Gramu sita na pointi mbili.

Nilifuta mizani, nikapima tena. Nikatoka nje, nikahesabu hadi hamsini, nikarudi nikapima, kana kwamba mizani ingenionea huruma. Pointi mbili za gramu zilikuwa zimekwenda. Ni kitu kidogo, uzito wa punje kama nane za mchele. Lakini nilikuwa nimewaona wale wanawake wakisoma mizani kwa sauti. Wakikuta upungufu, kila mmoja atajua kwamba mwenzake amepanga na fundi. Na jina la Mzee Jivan, ambalo lilikuwa Ngara kabla mimi sijazaliwa, litapelekwa Uthiru na kurudi likiwa limechafuka.

Rafuni kulikuwa na mkebe wa mabaki ya karati ishirini na mbili, vipande vya waya vya kazi zingine. Dhahabu haina kabila wala kijiji. Ukishaiyeyusha, hakuna mtu wala jiwe la kupimia litakalokuambia hii ni ya nani. Nilikata kipande cha waya kama ukucha wa mtoto, nikakiweka kwenye mizani. Ikasoma sita pointi nne, sawasawa kabisa.

Nilidhani nitapumua. Badala yake nilikiona kile kiti kitupu walichokiacha katikati, na nikajua mmoja wao atavaa kipande cha waya maisha yake yote akikibusu kama mama yake. Nikakitoa, nikakirudisha mkebeni, nikaenda kumwita Mzee Jivan.

Alisikiliza huku akipuliza chai yake.

"Juu ya maji iliona nini?"

"Utando tu, Mzee. Uchafu."

"Rangi?"

"Kahawia hivi."

Akafumba macho. "Mkono yako iko na mafuta?"

Nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa inang'aa kama ya mwanamieleka.

"Maji namwaga wapi? Mfereji?"

"La, Mzee. Kwa ule mmea wa Ba."

Akaiweka chai chini. "Afadhali mfereji," akasema.

Mmea ule ulikuwa mtulsi, ndugu wa mrehani, na katika nyumba ile haukuwa mmea tu. Ba aliuwashia taa kila jioni. Aliumwagilia yeye mwenyewe kila asubuhi, baada ya kuoga, kwa kikombe cha shaba ambacho hakikufanya kazi nyingine. Haukuguswa baada ya jua kutua. Siku ya Jumapili haukuguswa kabisa, hata kwa maji, kwa sababu ilikuwa siku yake ya kupumzika. Sasa ilikuwa Jumamosi saa kumi na nusu, na Jumatatu asubuhi mapema akina dada wako mlangoni. Tulikuwa na saa mbili hivi za jua.

Sikungoja maelezo zaidi. Nilikimbilia kiwanjani, nikaushika ule mmea shinani kwa mikono miwili ili niung'oe na mchanga wake wote.

"Toa mkono."

Ba alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo. Alikuwa amepita miaka themanini, mwembamba kama ufagio, na Kiswahili chake kilikuwa maneno thelathini, ishirini kati yake yakiwa amri. Mzee Jivan akafika akihema, akamweleza kwa Kigujarati kwa muda mrefu. Ba hakumwangalia mwanawe hata mara moja. Aliniangalia mimi.

"Wewe napa yeye maji ya kuosha mkono?"

"Ndiyo, Ba."

"Hii mkono nakula nini?"

"Bhajia, Ba."

Mafundi viatu wa karakana ya pili walikuwa wameacha kugonga, wamepanga vichwa juu ya ukuta.

"Omba samahani."

"Samahani sana, Ba."

"Hapana mimi. Yeye."

Basi nikapiga magoti kwenye saruji, nikauomba msamaha ule mtulsi, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika. Nyuma ya ukuta mtu mmoja akasema, "Barasa amekosana na mboga," na wenzake wakamnyamazisha, kwa sababu walitaka kusikia mboga itajibu nini.

Ba akauliza kitu. Mzee Jivan akamjibu, na nikasikia neno Uthiru. Uso wa Ba ukabadilika kidogo.

"Dada mbili, mama moja, hapana ongea?"

"Hawaongei, Ba. Wanakaa wakiacha kiti katikati."

Akanipa fimbo niishike, akachuchumaa polepole, na kwa kijiko cha jikoni akaanza mwenyewe kuondoa mchanga kuzunguka shina. Kulikuwa na miche midogo iliyoota pembeni kutokana na mbegu zilizodondoka. Hiyo aliing'oa mmoja mmoja na kuiweka kando kwa heshima. Nilitaka kumwambia achimbe zaidi, afike chini kabisa, Mzee Jivan akanizuia.

"Juu tu. Vidole mbili. Dhahabu iko mvivu kabisa. Yeye hapana tembea."

Na hivyo ndivyo ilivyo. Maji huzama mchangani yakaenda zake. Dhahabu ni nzito, inakwama pale pale ilipoangukia, haina haraka ya kwenda popote.

Tukautia ule mchanga ndani ya karai, tukaongeza maji, tukauzungusha taratibu, tukitoa majani na vijiti. Baada ya muda nikaona juu ya maji utando ule ule wa kahawia. Safari hii Mzee Jivan alinishika shingo akaniinamisha hadi pua ikakaribia kugusa maji.

"Angalia vizuri."

Nikaangalia. Ulikuwa vumbi, na kila punje ilikuwa na upande mmoja uliopata jua, ukimeta. Dhahabu ilikuwa inaelea. Kitu ambacho ni kizito mara kumi na kitu kuliko maji kilikuwa kimelala juu yake kama wale wadudu wanaotembea kwenye dimbwi.

"Mafuta ya mkono yako namvalisha koti," akasema. "Maji napenda hapana mafuta. Nakataa yeye kuingia."

Akaagiza sabuni ya kuoshea vyombo. Akachovya ncha ya kijiti cha kiberiti, akagusa maji katikati ya karai. Vijana, sijawahi kusahau. Utando ulipasuka kutoka katikati, ukakimbilia kingoni pande zote, kisha punje zikaanza kuanguka, moja, nyingine, halafu zote kwa mpigo, kama watoto waliokuwa wamesimama juu ya madawati wakasikia viatu vya mwalimu. Maji yakawa wazi. Chini ya karai kukawa na mstari mwembamba wa manjano.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mitatu na sikujua kwamba dhahabu inaweza kuelea. Ikiwa nyembamba na ikapata mafuta, inaelea. Tone moja la sabuni linaiangusha. Kama mtakumbuka jambo moja katika haya niliyoandika, likumbukeni hilo, siki muwaachie wapishi.

Tulipitisha sumaku kuondoa chuma cha tupa, tukachoma mabaki ya majani, tukayeyusha. Kikatoka kidonge kama mbegu ya haradali. Tulipopima yote kwa pamoja, tulikuwa tumebakisha upungufu wa pointi sifuri tatu, kitu ambacho ungekivuta puani bila kupiga chafya. Nikataka turudie. Ba alikuwa amekwisha kurudisha mchanga uliofuliwa, anawasha taa yake. Nyuma ya paa la mafundi viatu jua lilikuwa limezama.

"Basi," akasema, na basi yake ilikuwa basi.

Nikamtazama Mzee Jivan. Mkebe wa mabaki ulikuwa pale rafuni, sote wawili tuliuona.

"Jumatatu wewe naongea," akaniambia. "Mimi napika chai."

Jumapili hiyo nilitembea. Nadhani ndipo ugonjwa huu wa miguu uliponianza. Niliondoka Ngara nikaenda hadi Uthiru kwa Barabara ya Waiyaki, nikitafuta maneno, nikarudi bila hata moja.

Jumatatu walikaa vile vile, na kiti chao kitupu. Niliweka pete mbili juu ya kitambaa, na vumbi, pamoja na kile kidonge tulichokikata kati, katika karatasi mbili zilizokunjwa, sawa kwa sawa. Kisha nikawaambia. Sikuruka kitu, niliwaambia hata bhajia.

Mama Kevo ndiye aliyeanza. "Kwa hivyo mama yuko kwa maua."

"Kidogo. Ndiyo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Pointi sifuri tatu."

Aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu niwaone akamtazama dada yake machoni. "Umesikia huyu? Amemwagilia maua na mama."

Mama Shiro alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Nilidhani nimemliza, nikatafuta pa kuangalia. Alipoinua uso alikuwa anacheka hadi machozi.

"Vile mama alikuwa anachukia kukaa bure," akasema. "Angalau amepata shamba."

Mama Kevo alijitahidi kubaki na hasira yake. Mnaomjua mnajua si mtu wa kuachia kitu kirahisi. "Mimi nataka nusu ya huo mchanga."

"Chukua wote."

"Sitaki wote. Nataka nusu."

Ba alitokea mlango wa nyuma na makopo mawili ya siagi. Ndani ya kila kopo kulikuwa na mche mmoja, kati ya ile iliyoota yenyewe, umepandwa katika mchanga wa juu wa chungu chake. Alikuwa ameipanda Jumamosi hiyo hiyo kabla ya kuwasha taa, bila kumwambia mtu.

"Moja wewe," akasema. "Moja wewe. Sawa sawa."

Mama Kevo alihesabu majani. "Wangu una majani manne. Wake una sita."

"Lete hapa tuangalie," Mama Shiro akasema, na Mama Kevo, kopo mkononi, akahamia kiti cha katikati ili waone vizuri. Wakabaki hapo hadi chai ya Mzee Jivan ikaisha. Pete zilikuwa bado juu ya kitambaa. Nusura wazisahau.

Mzee Jivan na Ba wote wametangulia sasa. Mama Kevo ndiye aliyenitafutia nyumba hapa Jamhuri. Mtulsi wake haukumaliza mwaka, aliumwagilia maji ya kufulia yenye ile dawa ya klorini, na mimi nilikwisha kumwonya. Ilimbidi aende Uthiru kwa dada yake kuomba mbegu. Akaenda tena kuomba zingine, hizo za kwanza eti zilikataa kuota. Siku hizi haombi mbegu, anakwenda tu, na mimi miguu ikiniwasha namfuata baadaye nikipitia kando ya barabara.

Wiki iliyopita niliwakuta wamekaa uani kwa Mama Shiro, mtulsi nyuma yao umefika dirishani, kila mmoja na pete yake kidoleni. Walikuwa wakibishana mama aliangukia kopo la nani.

"Wako ulikufa," Mama Shiro anasema. "Kwa hivyo ni wazi alikuwa kwangu."

"Alikuwa kwangu. Ndio maana ukakufa, hakupenda kelele ya Jamhuri. Muulize Barasa, si yeye ndiye alimmwaga."

Nikasema mimi nimestaafu. Mama Shiro akachuma majani matatu, akayatia katika kikombe changu, akamimina chai ya moto juu yake na kunisogezea.

"Kunywa pole pole," akasema. "Usije ukammeza."